Kisanduku cha Mstari wa Tisa

Kwenye faili kuna kisanduku, mstari wa tisa:
Ushirikiano wa mgonjwa. Mzuri, wastani, hafifu.
Zungushia duara.
Mwezi wa saba nilizungushia hafifu,
nikaikandamiza kalamu
hata ukurasa wa nyuma ukapata kovu.

Tusajigwe, miaka kumi na mitano, wa Isongole.
Alikuwa amechelewa kwa saa mbili na nusu.
Viatu vimebeba udongo mweusi wa viazi,
sweta la shule limelowa ukungu,
na kifungo cha chuma kwenye chonge ya kushoto
hakipo. Waya unaning'inia,
umemchana shavu kwa ndani.

Nikamuuliza kama aulizaye mwenye jibu mfukoni:
"Mahindi ya kuchoma, siyo?"
Akatazama dirishani. Loleza ilikuwa imejifunika.
"Ndiyo, daktari. Mahindi."

Basi nikamhubiria. Mimi huyu,
mwenye vipande vya muwa kwenye droo ya chini.
Nikamwambia jino halikurupuki,
jino husogea kama jirani mwizi wa mpaka,
jembe moja kila msimu, kimya kimya,
hadi siku unashtuka
mti wako unazeekea shambani kwake.
Lakini ukilifungulia, nikasema, linarudi kwao,
na fedha ya baba yako inarudi nalo.
Akaitikia kila neno. Ee. Ee, daktari.
Mama yake, kwenye benchi,
alikuwa akihesabu noti ndani ya pindo la kitenge
kwa vidole tu, bila kuzitoa.

Mwezi wa tisa kikadondoka kingine.
Hiki kilikuwa cha mwalimu Ambilikile wa Uyole,
mtu mzima, anayekata hata chapati kwa kisu.
Wiki haijaisha, cha tatu,
cha binti wa duka la mbolea hapo chini yetu, Mwanjelwa.
Usiku ule nikayavuta mafaili, nikayapanga mezani.
Wote watatu niliwabandika siku moja,
Mei kumi na nne,
siku umeme ulikatika mara nne
na ile taa ya bluu ya kukaushia gundi
ikabaki inapumua kwa betri, kama kibatari cha mwisho wa mwezi.
Benchi lilikuwa na watu kumi na mmoja.
Nakumbuka nilivyosema, kwa sauti kabisa:
Itashika.

Oktoba alikuja mapema, kamtangulia mfagiaji.
Nikavuta kigoda, nikakaa chini kuliko yeye.
"Tusajigwe, yale mahindi."
Akacheka huku kaziba mdomo kwa kiganja,
mazoea ya kabla ya waya.
"Sikula, daktari. Mwezi wa saba
mahindi mabichi kwetu yanatoka wapi?"
"Na ule uchelewaji?"
"Lori la viazi huondoka likijaa.
Saa yake ni gunia la mwisho."
"Mbona hukusema?"
Akafikiri kidogo, bila kinyongo,
kama mtu anayeelekeza mgeni njia.
"Ulikuwa umeshaandika."

Nikaipekua fomu, mbele na nyuma,
nikitafuta kisanduku cha gundi,
kisanduku cha betri,
mahali pa kuzungushia duara
mkono ulioharakisha.
Fomu haina. Aliyeichapa hakuwaza.
Nikapiga mstari juu ya hafifu.
Kovu la nyuma halikufutika, nililipapasa kwa kidole gumba.

Kisha nikasafisha jino upya, nikalikausha, nikabandika,
sikumtoza hata senti,
na mama, kwa mara ya kwanza, akaliachia pindo la kitenge.
Nikawasha taa ya bluu, betri imejaa, nikaanza kuhesabu.
Yeye hawezi kusema, mdomo uko wazi,
lakini nikaona mkono wake juu ya goti
unakunja kidole kwa kila tano,
ananihesabia.
Arobaini, kidole cha nane.
Akanitazama.
Nikaongeza kumi.