Tandiko Tupu

Nje ya kasri, ng'ambo ya mto Tisza,
amesimama farasi wa shaba, mguu mmoja juu,
hatamu zimekazwa
na mikono isiyokuwapo.

Bibi yangu Etelka ndiye aliyemwosha,
kila Jumamosi, ndoo mbili na brashi ya nywele za nguruwe.
Habari zake alinipa vipandevipande,
huku akikamua kitambaa.

Kwanza zilikuwa kengele tatu.
Mfalme aliamuru ziteremshwe mnarani,
na Bodor mfua shaba akazitia tanurini akilia,
maana ya kati ndiyo iliyomzika mwanawe.
Akamsubu mfalme juu ya farasi.
Miaka kumi na mmoja mji haukujua saa:
mikate iliungua, maharusi walichelewa.

Siku ya kufunua pazia ilinyesha.
Mfalme akautazama uso wake, akasema,
"Pua kubwa."
Bodor akajibu, "Shaba haina adabu, Mtukufu."
Nusu ya pili ya ujira hakuiona.

Kisha vita, kisha vita vingine.
Askari wa kwanza walimpigia saluti.
Wa pili walimtia mnyororo shingoni,
wakamvuta kwa trekta la kiwanda cha sukari.
Mfalme aling'oka kiunoni kama jino bovu.
Farasi akagoma.
Mnyororo ukakatika, dereva akacheka,
akaambiwa hapa hapachekwi.

Kiwiliwili kiliyeyushwa. Wako wasemao vitasa,
wako wasemao mabomba ya hospitali.
Bibi alilazwa humo majira ya baridi ya mwisho wake;
kila muuguzi alipofungua maji
alinyanyua kidole: "Nyamaza. Huenda ikapiga adhuhuri."

Kibao kililetwa: Farasi wa Wafanyakazi.
Kikabanduliwa, kikaja kingine, nacho kikaondoka.
Yamebaki matundu manne ya skrubu.

Mwaka jana wizara ilitukusanya ukumbini,
na michoro: mfalme mpya, shaba mpya,
pua imepunguzwa.
Wengi tulitazama viatu vyetu.
Vendel muuza mbegu akainua kofia:
"Na watoto watapanda wapi?"
Maana tandiko lile, kwa makalio ya watoto,
limeng'aa kuliko chochote tulicho nacho.

Hawajajibu bado.

Usiku wa barafu nilimgonga kifuani kwa pete ya Bibi.
Mara moja tu.
Mbwa wote wa kasri wakabweka.