Nilivyokufa Kaloleni

Nilikufa mara nyingi sana mwaka ule,
kando ya bomba la maji, Kaloleni,
macho nimefumba, leso ya mama mpaka kidevuni,
nikisubiri Obiero amalize kulipiza kisasi
ndipo niruhusiwe kwenda kuosha sufuria.

Yeye ndiye aliyepewa shilingi ya sinema.
Wasichana hatukwenda. Mjini usiku, alisema baba,
kuna macho mengi.
Basi kila Jumapili filamu ilitufikia kwa mdomo wa Obiero:
jasusi wa Kizungu, suti haikunjamani hata akiruka treni,
gari linalotema moto kwa nyuma,
na mwanamke wa hotelini, nywele rangi ya asali,
ambaye alimwona tu jamaa, akaisha.
Hivyo ndivyo alivyosema. Akaisha.
Musyimi akapiga mluzi. Nami nikaambiwa: haya, isha.
Nikaisha. Nikalegea kama mlenda,
na kabla ya magharibi risasi isiyokuwa yangu ikanipata.

Leo Obiero haoni. Sukari imemla macho,
la kulia kwanza, la kushoto mwaka jana.
Ameketi kwangu, Umoja, vifungo vya shati vimekwenda kombo,
na Hawi, mjukuu wangu, ameisaka ile filamu mpaka akaipata,
akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai.
"Haya dada, leo ni zamu yako. Nisimulie."

Nasimulia. Treni. Suti. Gari, kweli, linatema moto,
na nakiri moyo umenidunda, miguu imecheza chini ya meza;
miaka hamsini nimeidai filamu hii.
Kisha chumba cha hoteli.
Nanyamaza.
"Amefika yule wa asali?" Anatabasamu tayari.

Amefika. Ana mkoba, ana haraka,
ana neno la kumwambia kuhusu ramani.
Kumbe alikuwa na akili, Obiero, hukutuambia.
Jasusi anafunga mlango kwa kisigino.
Mwanamke anasema hapana.
Anasema hapana, anasogea dirishani.
Anasema hapana ya tatu, na hapo ndipo wanapoleta fidla,
fidla nyingi, ishirini hivi,
na kamera inageuka kutazama pazia.

Asubuhi anapigwa risasi.
Jasusi anakagua mkono wa shati, anafuta tone,
anaagiza barafu.
Dakika kumi na moja, Hawi amezihesabu.
Na kwenye orodha ya majina ameandikwa: Mwanamke wa Hotelini.
Hata dereva wa teksi ana jina.

"Huyu ndiye mwema?" Hawi anauliza.
Anauliza kweli, hana kejeli.
Nimjibu nini? Nilitaka kuolewa na suti ile.

Obiero anapapasa, anatafuta kikombe chake.
"Mimi sikusikia hapana," anasema.
Jirani wa juu anaburura kiti.
"Nilisikia fidla."

Nami namwamini, na hilo ndilo linaloniuma:
miaka kumi na mitatu, kiti cha mbele, karanga mdomoni,
na filamu nzima aliibeba kichwani toka mjini kwa miguu
ili atuletee.

"Irudishe pale hotelini," anasema. "Nisimulie tena."
Hawi anairudisha. Safari hii siitazami simu.
Nasema: anachukua mkoba wake.
Anavua viatu, anavishika mkononi.
Anatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa wafua nguo,
na funguo za gari la moto anazo yeye.

"Haikuwa hivyo," Obiero anasema.

"Najua."

Fidla zinalia kwenye chupa ya chai.
Anakunywa funda moja, chungu, bila sukari,
anageuza uso upande wangu, karibu na nilipo lakini si hasa.
"Haya," anasema. "Ngazi ni ngapi?"