Tabaka la Kumi na Saba

Steshenari yangu iko nyuma ya stendi ya zamani, Dodoma mjini.
Natengeneza kadi za harusi, mihuri, vipeperushi vya mikutano ya injili
vyenye moto chini ya jina la mhubiri.
Moto naujua, nimeuchora mara nyingi.
Maji sikuwahi.

Mwaka ule Nghambala walifunga siku tatu kuomba mvua.
Uwele ulikuwa umekunjamana kama risiti mfukoni.
Ikaja Jumanne usiku, ikaja na kipande cha mlima.
Korongo ambalo watoto huchezea chandimu miezi tisa
likakumbuka kuwa ni mto.
Tembe zikanywa, zikanywa,
mapaa ya udongo yakalewa
yakalala juu ya waliolala.

Watu kumi na saba.

Nilianza na mjomba Ndahani, kwa picha ya kadi ya mpiga kura:
uso uliokasirishwa na foleni.
Nikamlegeza kola, nikampa jua la saa kumi,
kovu la pembe ya fahali nikamwachia.
Kisha Nyemo, fundi cherehani,
aliyeonekana nusu tu kwenye harusi ya jirani;
nikamtoa pembeni mwa furaha ya wengine
nikamweka katikati.
Mapacha wa Malogo hawakuwahi kupigwa picha.
Dada yao alikaa mbele yangu kutwa, niazime masikio yake.
"Mmoja alikuwa anacheka kabla kichekesho hakijafika," alisema.
"Chora hilo."
Nimejaribu. Kalamu ya plastiki juu ya kioo
huteleza kama maneno ya mtu anayetoa pole haraka.

Kila mtu ana tabaka lake.
Pembeni mwa tabaka kuna kijicho:
ukikibonyeza, mtu anatoweka,
ukikibonyeza tena, anarudi.
Usiku wa kwanza nilimfanyia mjomba hivyo mara ishirini, labda zaidi.
Toweka. Rudi.
Kisha nikaona aibu, nikaenda kunawa mikono.

Sikuweka bluu. Maji yale hayakuwa ya bluu.
Nilipiga picha tope lililokaukia ukutani darasa la tatu,
lilipofika juu ya ubao, juu ya "Zoezi la 4",
nikalitandaza likawa ngozi ya picha nzima.
Mtu wa ofisi ya kata akataka njiwa.
Nikamweka njiwa. Alikaa kama mgeni aliyekosea msiba.
Nikamfuta.

La kumi na saba ni la mtoto wa Sechelela.
Siku nne. Kitovu hakijadondoka,
jina lilikuwa bado linabishaniwa na shangazi.
Nikamuuliza, na bado najilaumu, nilimuuliza kweli:
alifanana na nani?
Akatazama kioo muda mrefu,
mwanga wa kioo ukimchora yeye.
"Alikuwa bado hajafanana na mtu."
Nikasema basi nilifute, tuweke maandishi.
Akanishika mkono wenye kalamu, si kwa nguvu.
"Liache tupu. Lakini usilifute."

Limebaki. Halina rangi, halina mstari.
Mashine inaliita Tabaka 17, na kijicho chake kiko wazi.
Ukilizima, hakuna kinachobadilika pichani.
Sijalizima.

Turubai la mita mbili kwa tatu limetundikwa shuleni,
upande wa mashariki limeshaanza kupauka.
Watu hugusa nyuso za watu wao.
Sechelela hugusa kati ya Nyemo na mapacha,
penye udongo mtupu.
Mimi sikumwonyesha mahali. Tabaka tupu halina mahali.

Leo kuna kijana anataka kadi mia mbili, zenye waridi,
jina la bibi harusi liwe kubwa kuliko lake.
Tunacheka.
Tone la kwanza linagonga bati, kisha la pili, tunanyamaza wote wawili.
Nahifadhi kadi.
Nafungua faili lile, sibadilishi kitu,
nalihifadhi tena.