Mahindi ya Njiwa

Wa kwanza kuwaambia walikuwa njiwa.
Thelathini na wawili, juu kule bandani,
mkononi kopo la mtama, na ndani ya koti
karatasi ya hospitali, imekunjwa mara nne.
Nikasema: saratani. Tezi dume.
Yule jike mwenye doa shingoni akanigeuzia jicho moja,
kisha akarudi kwenye mtama.

Nilishuka mgodini miaka ishirini na saba.
Mita mia tisa chini ya Ruda tulikuwa tukiusikiliza mwamba:
ukiguna, unatoka; ukinyamaza, unatoka mbio.
Huu wa ndani yangu haukuguna.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga,
ila hawakusema ni nguo ipi.

Hildegarda nilimwambia nimekwenda kufuatilia pensheni.
Akanipakulia supu. Nikainywa.
Usiku niliamka mara tano kwenda msalani,
na kila mara nikabaki nimeketi pale gizani
nikilisukuma neno lile kwa ulimi
kama jino linalolegea.

Jumapili nikavuka reli kwenda kwa Teofil.
Sijui kwa nini Teofil. Labda kwa kuwa mwaka juzi
alitoweka miezi miwili, akarudi amekonda,
nasi sote tukampongeza kwa kupunguza kitambi.
"Nimekuja kuomba mahindi," nikasema.
Akanipimia kilo mbili.
Sikuondoka. Nikauliza bei ya chanjo.
Nikauliza habari za mashindano ya kutoka Hanover.
Nikauliza, macho kwenye viatu:
dume akipasuliwa, bado hurudi nyumbani?

Akafunga mfuko taratibu, mafundo mawili.
"Damu yako imesoma ngapi?"
"Kumi na nne."
"Yangu ilisoma ishirini na moja."

Ndipo akavuta droo ya chini,
ile ya pete za miguu na dawa ya viroboto,
akatoa pakiti ya pedi, akaiweka juu ya mahindi yangu.
"Hizi. Zile za duka la kona zinavuja.
Na miezi mitatu ya kwanza, usivae suruali ya kijivu."
Nikacheka. Kicheko kikapotea njia, kikatokea machoni.
Hakunishika bega.
Alinipa kitambaa cha kufutia mayai,
akageukia dirisha, akahesabu njiwa wake kwa sauti,
mmoja mmoja, akakosea, akaanza upya,
mpaka nilipomaliza.

Siku hizi Jumanne tuko wanne, chumba cha nyuma cha klabu.
Ginter wa sindano za homoni, anayetiririka jasho Januari
na kuuliza kama wake zetu nao walipitia hivi
(hatujui; hatukuwahi kuwauliza).
Alojz, aliyeambiwa angoje na kupimwa tu,
na kungoja kunamtafuna kuliko kisu.
Tunaanza na hali ya hewa. Wiki nyingine tunaishia hapo.
Wiki nyingine mtu husema: kitandani, mimi naye, basi tena,
na hakuna anayetania.
Mficha uchi hazai. Sisi tulishazaa;
tunafunua ili tupate usingizi.

Hildegarda alikuwa anajua.
Karatasi ilirudi kotini imekunjwa mara tatu, si nne.
Siku nilipomwambia hakuacha kumenya viazi;
akamenya, akamenya,
tukala viazi mpaka Alhamisi.

Jana, theluji ikiwa magotini, mlango ukagongwa.
Krystian, dereva wa basi, hajafika hata sitini,
kofia mkononi, masikio mekundu.
Akasema amekuja kuomba mahindi.

Hana njiwa hata mmoja.

Nikampimia kilo mbili.
Nikafunga mafundo mawili, bila haraka,
nikavuta droo.