Rozimari Kando ya Isale

Mama aliileta imefungwa kwenye gazeti bichi,
tawi moja, urefu wa kalamu,
siku hoteli ilipompunguza kazi.
Wenzake walitoka na masufuria.
Yeye aliomba kijiti.

Baba mkubwa Ndetaramo akainama kuuchungulia:
mmea gani huu, mbuzi akiunusa anapiga chafya?
Akaubatiza palepale: mti wa sabuni.
Mama akauchomeka kando ya isale, upande wa mfereji.
Akasema, isale ni la kuombana msamaha,
huu ni wa kula mkishapatana.

Basi tukala.
Mbavu za mbuzi zilizolala usiku kucha
na ndimu, kitunguu saumu, na vijani vilivyopondwa
kwenye kinu cha ulezi.
Viazi vya kuoka na maganda yake,
mafuta yakilia, Rau nzima ikijua tunapika nini.
Lakini mkono wake ulikuwa na kipimo:
vijani vitatu kwa sufuria, alisema,
cha nne ni kiburi.

Mafua ya Julai yalipokuja,
ukungu umeshuka hadi kwenye migomba,
alitufunika kanga juu ya maji yanayofuka,
vichwa vinne, hema moja,
makamasi yanachuruzika, tunasukumana, tunacheka.
Hakusema inatibu.
Inafungua njia tu, kupona mtapona wenyewe.
Na jirani mwenye mimba alipoomba kikombe
alimnyima, akamwambia: wewe nenda Mawenzi ukapimwe.

Eliaichi nywele zilimtoka baada ya homa.
Alikuja Jumamosi tatu kusuuzwa kichwa
kwa maji yaliyochemka yakapoa, mekundu kama chai ya mkandaa.
Zilirudi.
Pengine zingerudi tu.
Ila Eliaichi, mpaka leo, akipita hapa
hugusa kisogo chake kwanza, ndipo anapiga hodi.

Sasa mama ndiye anayesahau.
Anavaa kiatu kimoja. Anaficha chumvi, kisha anailaani kwa kupotea.
Juzi amenilipa, akidhani mimi ni kijana wa maziwa,
nami nikapokea ile mia tano, ningefanyaje?
Dada kanipigia kutoka Arusha:
wanasema rozimari inarudisha kumbukumbu, jaribu.
Mimi si mtu wa kuamini haraka.
Lakini nilivunja tawi, nikalifikicha viganjani,
nikampelekea mikono yangu puani.

Nilingoja jina langu.

Akavuta pumzi. Akafumba macho.
Kisha, kwa sauti ile ya jikoni, ya kuamrisha moto:
"Ndetaramo hajanirudishia debe langu la mahindi."

Ndetaramo ana miaka tisa kaburini.
Nilikwenda kwa mwanawe hata hivyo,
nikamweleza kama mtu anayeeleza kichekesho.
Alicheka. Halafu akanyamaza,
akakuna shingo, akasema, mwaka wa ukame ule,
sisi ndio tuliyala.

Jioni alivuka mfereji, debe begani,
na mkononi jani la isale lililofungwa fundo.
Mama hakumuuliza ni nani.
Aliliweka jani mapajani, akachota mahindi,
akayapepeta kwa vidole, punje kwa punje,
akatikisa kichwa kama hakimu aliyeridhika shingo upande.
"Kaa ule."

Nikapakua mbavu.
Mgeni akatafuna kwa heshima.
Mama akamega, akaonja,
akanitazama, mimi hasa, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

"Umezidisha," akasema.

Nilikuwa nimetia vinne.
Makusudi.