Daftari la Mahudhurio

Saa kumi na moja alfajiri upepo wa Bahi
umeshafagia ua kabla yangu
na kurudisha vumbi lote ndani.
Nakoka moto. Uji wa uwele unachemka polepole
huku nakunja khanga mara mbili juu ya titi linalovuja,
maana shati jeupe la mwalimu halijui kutunza siri.

Siku themanini na nne ziliisha Jumanne.
Jumatano nilikuwa ubaoni.
Baba yake yuko Tunduma. Barua yangu ya uhamisho
imemzidi mtoto umri:
ilipita kwa mratibu, ikalala kwa afisa elimu,
ikarudi na mhuri na neno moja, Subiri.

Kilomita sita, korongo moja.
Nyumba ya walimu ina kuta tu;
mbuzi wa Mazengo wanalala humo, hawadaiwi kodi.

Darasa la tatu nina watoto tisini na saba.
Naita majina. Chedego. Lechipya. Matonya yule mrefu,
Matonya yule mwingine.
Nyemo Chiloleti.
"Yupo!" wanaitika wenzake.
Yupo, kweli.
Yupo nje, chini ya dirisha lisilo na kioo,
na mwanangu mgongoni.

Sikumwomba mama yake. Nilimwomba yeye,
kama mtu anavyomtuma mtoto akaazime chumvi.
Siku moja tu, nilisema,
binti wa kazi amekimbilia mjini kukaanga chipsi.
Siku moja hiyo sasa ina mwezi wa pili,
na kila asubuhi naweka alama ya vyema mbele ya jina lake.
Mkono hautetemeki. Hilo ndilo linalonitisha.

Nami nilibebeshwa. Nilikuwa na miaka tisa, Mvumi,
mtoto wa shangazi, mzito kama kinu,
nikakosa wiki waliyofundishwa kusoma saa.
Mpaka leo mishale naitazama mara mbili.

Ofisini tuko sita, wanawake ni mimi na Sechelela.
Chai ni yetu. Vikombe ni vyetu.
Mgeni wa wilaya akija, kuku huchinjwa na mwalimu wa michezo,
hunyonyolewa na wenye stashahada.
Choo cha walimu hakina mlango, basi tunapokezana:
mmoja anaingia, mwingine anasimama
ametandaza khanga yake ya harusi iliyoandikwa
Mwenye macho haambiwi tazama.
Tunacheka. Tufanyeje?

Alhamisi nilifundisha sehemu.
Debe la mtama, nikasema, limegawanywa sawasawa
kwa nyumba nne. Nyumba tatu zimekuja kuchukua.
Limebaki kiasi gani?
Watoto tisini na sita wakanitazama.
Nzi akatembea juu ya ramani ya Afrika, Kairo hadi Lusaka.
Kisha sauti, dirishani:
"Robo, mwalimu.
Na mtoto amejinyea."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko.
Mimi sikuweza.

Nilitoka. Nikamfungua mwanangu mgongoni mwa mtoto wa mwenzangu,
nikamfuta kwa ukurasa wa andalio la somo la jana,
nikamfunga mgongoni mwangu.
Nyemo nikamwonyesha dawati la mbele.
Wakasogea, akawa wa tano.
Alikaa wima, mikono imerudi nyuma,
ikiendelea kushika kitu ambacho hakikuwepo.

Mwalimu mkuu alisimama mlangoni,
kalamu nyekundu sikioni.
"Mwalimu, hapa ni darasa, si kliniki."
"Ndiyo, mwalimu mkuu."
"Nitaandika."
"Andika, mwalimu mkuu."

Nikageukia ubao. Nikaandika moja, nikapiga mstari, nikaandika nne.
Nilipogeuka kuwatazama
kiganja kidogo kilichomoka kwenye khanga,
kikaipangusa robo yote,
kikajipaka chaki mdomoni.

Nikaiandika tena.