Risiti Mia na Arobaini na Tatu

Risiti zimo ndani ya kopo la biskuti,
mia na arobaini na tatu. Nimezihesabu tena usiku huu,
redio ikisema wabunge watapiga kura:
madeni ya wanafunzi yasamehewe, au la.

Mimi Edelmira, fundi cherehani wa mtaa wa juu, Antofagasta,
mji usioijua mvua,
nimeshona ovaroli za wachimba shaba
hadi kidole hiki kikaota sugu chini ya kastabini.
Deni la mwanangu Nibaldo nililipa lote.
Peso ya mwisho niliitoa Novemba.
Karani akapiga muhuri bila kuinua macho,
nikatoka nje, nikanunua soda, nikainywa nimesimama.
Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusi ilikuwa ya siku moja, Nibaldo na tai ya kuazima;
matanga, miaka kumi na miwili kasoro mwezi.
Na chuo chenyewe? Kilifungwa yuko mwaka wa tatu.
Kufuli mlangoni, wenyewe wakaingia biashara ya maegesho ya magari.
Chuo kiliondoka, deni likabaki,
kama kivuli kilichogoma kumfuata mwenyewe.

Leo Yasna, binti wa kaka yangu, mwalimu wa chekechea,
amekaa jikoni kwangu, simu mkononi, hapumui vizuri.
Deni lake lilianza milioni nne.
Amelipa miaka tisa.
Sasa ni milioni saba.
Nielezee hesabu hiyo, wewe uliyesoma.

Nami, Mungu ananiona,
nilipoliona tumaini usoni mwake kitu kilinichoma hapa.
Nilitaka kusema: dawa ya deni ni kulipa.
Nilitaka kusema: na mimi je?
Nani atanirudishia cherehani ya pili niliyoiuza,
na magego mawili niliyong'oa
kwa sababu kung'oa ni rahisi kuliko kuziba?

Jirani yangu Lautaro hulisema kila jioni, juu ya ukuta:
"Serikali haina mfuko. Mfuko ni wangu.
Mimi sikukanyaga chuo, naendesha winchi bandarini,
mbona nimlipie mtoto wa mwenzangu shahada?"
Hajakosea. Ndiyo maana huwa simjibu,
ingawa nakumbuka benki ilipoyumba
hakuna aliyepita mtaani kwetu kuuliza mfuko ni wa nani.

Halafu naligeuza hili neno lao, kusamehe,
kama kitambaa, nione upande wa ndani.
Husamehewa aliyekosa.
Yasna alikosa nini? Alikuwa na miaka kumi na minane.
Kila mtu mzima alimwambia, mimi nikiwa wa kwanza,
soma, binti, soma, elimu haiozi.
Tulimsindikiza mpaka kaunta.
Kalamu ya kutia sahihi
nilimpa mimi.

Nikalifunga kopo. Nikammiminia chai.
"Wakifuta," akauliza, macho kwenye kikombe,
"utanichukia, shangazi?"

Nguo ukiifumua, matundu ya sindano hubaki;
nilitaka kumjibu hivyo, kifundi.
Nikasema, "Kunywa, inapoa."

Redio ikaanza kusoma majina.
Ndiyo. La. La. Ndiyo. Hayupo.
Yasna akaushika mkono wangu wenye sugu
na mimi, nisiyedaiwa na mtu,
nikajikuta naomba kimoyomoyo,
wala sijui hadi sasa kama nilikuwa namwombea yeye
au naomba nisamehewe mimi.